Muzee mwenye kusahau si mulozi

Maneno yaliyosemwa mbele ya bavijana wa harakati, Lubumbashi



Niko na diplome ya université tangu miaka miwili, kazi hakuna. Kushinda nyumbani kumenifundisha kitu chenye sikusoma: kuchunga nkambo wangu.

Nkambo alitumika mu mugodi miaka mingi. Leo anasahau majina ya batoto wake. Usiku anaamka, anatafuta buti, anasema sirene imelia, anataka kwenda kazini. Mara moja tulimukuta mu lupango ya bengine. Majirani wakasema: muzee anatembea usiku, ni mulozi. Bavijana wa umri wetu walikuwa tayari kuokota mawe.

Bandugu, ile si ulozi. Ni ugonjwa wa ubongo, wenye baganga banaita demansi. OMS, shirika la afya la dunia, inahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye kuwa nao, na wengi wao wako mu inchi maskini na za kipato cha katikati. Dawa ya kuuponyesha haiko. Lakini kukosa dawa ya kuponyesha si kukosa la kufanya.

Siku moja niliweka ku simu gitaa ya Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, ule Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952. Nkambo, mwenye hajui tena jina langu, akaanza kupiga vidole ku meza. Akaimba mpaka mwisho. Kisha akakula. Baganga banasema nyimbo za ujana mara nyingi zinabakia, hata kama mengine yamepotea. Sasa kila jioni, mbele ya saa yake ya woga, tunaweka muziki, sauti kidogo. Akikunja uso, tunazima.

Lakini muziki peke yake haitoshi. Mugonjwa wa demansi mara nyingi hawezi kusema "naumwa hapa". Akilia ao akipiga mutu, tuangalie: jino, kidonda, choo kigumu, mukojo unaochoma. Kutafuta maumivu na kuyatuliza, mpaka siku ya mwisho, njo matunzo ya kutuliza. Pale Uganda, tangu 1993, Hospice Africa Uganda inafuata bagonjwa mpaka nyumbani na morfini ya maji ya kunywa. Tangu 2004, sheria yao inaruhusu bainfirmie waliosomea ile kazi kuandika morfini. Uganda haiko Ulaya. Ni jirani yetu.

Kwa hiyo tunaomba tatu. Moja: hakuna kijana wetu kuita muzee mulozi, na penye mawe yanaokotwa, tusimame katikati. Mbili: kila mumoja wetu, mwenye kazi ao shomeri, atembelee muzee mumoja wa mtaa wake na aandike nyimbo zake. Tatu: wakubwa wa serikali waweke mu vituo vya afya vya Katuba, Kenya na Ruashi bainfirmie waliofundishwa na dawa za maumivu. Ile si zawadi, ni deni kwa bale walijenga muji huu.

Jioni hii, ukifika nyumbani, muulize nkambo wako alicheza wimbo gani siku ya ndoa yake. Muulize sasa, angali anakumbuka.