Sogea Kidogo, Gari Lionekane

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo: kupiga picha magari ya zamani. Tafadhali usizime redio. Jambo hili si la matajiri peke yao.

Jijini Nairobi kuna maonyesho yaitwayo Concours d'Elegance. Yalianza mwaka 1970, na huandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa kawaida mwezi Septemba. Magari na pikipiki hupangwa kwenye nyasi, na waamuzi huyakagua moja moja: rangi, injini, viti, hata chini ya gari, mahali ambapo wewe na mimi hatuchungulii mpaka mafuta yaanze kuvuja.

Watu huenda na jamaa zao, na kila mtu siku hizi ana kamera mfukoni, ndani ya simu. Basi mara ya mwisho nilipokwenda, nilimwona kijana mmoja, nadhifu kabisa, akipanda juu ya boneti ya gari lililokuwa na umri mara mbili ya umri wake. Akakaa, akakunja nne, akamwambia mwenzake, "Piga!" Mwenye gari alikuwa ameenda kununua soda. Kijana alipoteremka, chuma cha mshipi wake kiliacha mchoro mrefu kama kidole juu ya rangi. Hakugeuka kutazama. Alikuwa ameshafika gari la pili.

Sasa nakuuliza, msikilizaji, kijana yule alipiga picha ya nini?

Lakini nisimlaumu yeye peke yake. Wengi wetu tumelelewa hivyo hivyo. Nani hakumbuki zile picha za zamani, mtu ameegemea gari lililoegeshwa nje ya hoteli, mkono mmoja mfukoni, miwani ya jua usoni? Gari si lake, na mwenyewe hamjui. Picha ikatiwa katika bahasha ikapelekwa nyumbani, ili wazee wajue kwamba mjini mambo ni mazuri. Gari lilikuwa kama koti la kuazima.

Nami nina picha ya namna hiyo, ila gari lilikuwa letu kweli. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 404, ile ndefu ya kubeba abiria, akifanya safari za Nakuru na Nairobi. Gari hilo ndilo lililotulipia karo. Ndilo lililompeleka mama hospitali usiku nilipozaliwa. Likazeeka, likasimama nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani yake, na mwishowe likauzwa kwa kilo kama chuma kikuukuu.

Picha iliyobaki ni moja tu. Tumesimama watu saba mbele ya gari, tumejipanga kama timu ya mpira. Baba yuko katikati. Nyuma yetu inaonekana taa moja na kipande cha paa, basi. Tena ni picha isiyo na rangi. Siku ya matanga ya baba tulikaa tukibishana. Kaka yangu alisema gari lilikuwa la buluu. Dada yangu akaapa kwamba lilikuwa jeupe, lililochafuka kwa vumbi la barabara. Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuamua. Hata nambari yake ya usajili hatuijui, kwa sababu aliyesimama mbele yake ni mimi.

Ndiyo maana nilipoiona Peugeot 404 pale Ngong miguu yangu ilisimama yenyewe. Gari hilo si geni katika nchi hizi. Lilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na hapa kwetu lilijipatia jina kwenye matope. Katika mashindano ya East African Safari, 404 ilishinda mwaka 1963 na 1968 ikiwa mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell. Ushindi mara nne katika miaka sita! Gari lililoshinda namna hiyo ndilo hilo hilo lililobeba abiria, magunia ya viazi na maharusi.

Mwenye gari alikuwa mzee wa miaka kama sabini. Nikamwambia, "Habari, mzee. Naomba kupiga picha gari lako." Akanitazama kidogo, akajibu, "Tangu asubuhi ni wewe wa kwanza kuomba. Piga, lakini usisahau hii." Akafungua mlango, akanionyesha mkono wa gia, ule unaotokea kwenye usukani. Kirungu chake kilikuwa cha mti, kimechongwa kwa mkono, kimeng'aa kwa kushikwa.

"Cha asili kilivunjika," akasema. "Fundi wangu akachonga hiki akisema ni cha muda tu. Leo waamuzi wamenikata alama kwa sababu yake. Lakini fundi mwenyewe amekufa, na sina hata picha yake moja. Nikitoa hiki, nitakuwa nimebaki na nini?"

Msikilizaji, wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tunayaona magari haya yamekaa kwenye nyasi yaking'aa, tukadhani yamehifadhiwa na pesa. Pesa zipo, sikatai. Lakini yapo pia kwa sababu ya fundi wa gereji aliyegonga bati likarudi mahali pake, mshonaji aliyeshona viti upya, na yule mtu aliyezunguka vibandani kutafuta kipuri ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza. Ukipiga picha ya bonde la bampa peke yake na uso wako juu yake, hao wote umewafuta.

Basi ukienda kwenye maonyesho, fanya hivi. Kwanza, omba ruhusa, na usiguse wala kuegemea. Zipu, pete na funguo za mfukoni ni adui wa rangi. Pili, piga magoti. Picha nyingi za magari huharibika kwa sababu mpigaji amesimama wima akalitazama gari kwa juu kama anayetazama kuku. Ukishuka hadi usawa wa taa, gari linapata heshima yake. Tatu, kumbuka kwamba rangi iliyosuguliwa ni kioo. Litazame kwanza, uone kama tumbo lako, mwavuli wa jirani au gari la soda havimo ndani ya mlango. Hatua moja kulia au kushoto inatosha kuviondoa. Nne, nenda asubuhi au ngoja jioni, maana jua la saa sita hutoboa picha kwa mng'ao. Siku ya mawingu usinung'unike. Wingu hutawanya mwanga sawasawa, na umbo la gari huonekana vizuri.

Tano, na hili ndilo kubwa: piga picha moja ya gari zima likiwa peke yake, nambari yake ikionekana. Kisha piga vitu vidogo, kama usukani, saa za dashibodi na kiti kilichochakaa upande wa dereva. Halafu mwite mwenye gari asimame kando, si mbele. Na kama fundi yupo, mwite naye. Andika majina yao siku hiyo hiyo.

Wala usingoje maonyesho. Kama baba yako ana pikapu kuukuu, au mjomba ana teksi inayokohoa kila asubuhi, toka nje leo ulipige picha. Hutapewa kombe. Lakini iko siku watoto wako watabishana, na picha hiyo itawaamua.

Mimi nilimpelekea yule mzee picha zake, zimesafishwa kwenye karatasi. Ya kirungu cha gia ameitundika ukutani. Gari lake, kama utapenda kujua, ni la rangi ya kijivu. Nimemwonyesha kaka yangu na dada yangu, na kila mmoja anasema, "Hapana, letu halikuwa hivi."