Sanduku Kati ya Mahindi: Jinsi Gesi ya Udongo Inavyopimwa

Maneno yaliyosomwa kwa wakulima barazani kabla ya mvua ya masika



Mtu akikuta sanduku la plastiki limefunikwa katikati ya mahindi ana haki ya kuuliza: Je, linanyonya rutuba? Je, ni alama ya kuchukua shamba? Sanduku hilo halifanyi lolote kati ya hayo. Linakusanya pumzi ya udongo kwa muda wa nusu saa, basi.

Vijidudu vya udongoni hula masalio ya mimea, samadi na mbolea. Kazi yao hutoa gesi, na mojawapo, naitrasi oksaidi, inamhusu sana mnunuzi wa mbolea, maana ni nitrojeni ileile aliyoilipia. Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13 za nitrojeni. Nchi isipokuwa na vipimo vyake, hutumia kadirio la kimataifa kwamba asilimia 1, yaani gramu 130, hupaa kwa njia hii. Kwa mfuko wa mkulima hiyo ni hasara ndogo, na isisemwe vinginevyo. Lakini kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo huongeza joto la dunia mara 273 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Tena, asilimia hiyo ni wastani tu. Shamba la mfinyanzi linalotuamisha maji haliwezi kuhesabiwa sawa na la kichanga. Ndiyo sababu ya kupima papa hapa.

Kazi huanza mapema. Fremu hukitwa ardhini sentimita 5 hadi 10 na kuachwa itulie, kwa kuwa kule kuchimba kwenyewe huamsha gesi. Siku ya kupima, kifuniko chenye ukanda wa mpira hubanwa juu yake. Fundi huvuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano kupitia kizibo cha mpira: mara tu baada ya kufunika, kisha dakika ya 10, ya 20 na ya 30. Kila sampuli huingia katika chupa yake ndogo ya kioo, na saa huandikwa pamoja na joto. Maabara ikisoma chupa hizo nne, gesi inatakiwa kuonekana ikipanda hatua kwa hatua. Ikipanda halafu ishuke ghafla, huenda kifuniko kilivuja, na safari nzima imepotea.

Saa ya kupima ina uzito wake, na mara nyingi huwa asubuhi. Siku ina uzito zaidi. Mwaka 1958, H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi Muguga, hapa hapa Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa tena, vijidudu huchangamka ghafla, na hewa ya ukaa hufumka kwa wingi. Mpaka leo wanasayansi duniani huiita hali hiyo kwa jina la Birch. Anayepima mara moja kwa mwezi, tena siku za jua, huikosa kabisa. Kwa hiyo fundi asishangaze watu akifika na buti zake kwenye matope, siku moja baada ya mvua ya kwanza au baada ya mbolea ya kukuzia.

Mwenye shamba naye ana sehemu yake. Ndani ya fremu pawekwe mbolea sawasawa na nje, wala pasipendelewe. Magugu yang'olewe kwa mkono. Ng'ombe asifungwe karibu: akikojoa hapo mara moja tu, kipimo kitaruka na kusingizia shamba zima. Na fremu ikigongwa na jembe, isirudishwe kimyakimya, fundi aambiwe. Siku hiyo haitapimwa, na daftari litaandika kwamba haikupimwa.