Jembe Kabla ya Mgao

Msikilizaji wa Musoma, Bunda na Butiama, taarifa za wakimbizi wa vita vya Burundi na Kongo hutujia kutoka Kigoma, mbali na kwetu. Hata hivyo, suala hili lina mzizi hapa Mara.

Mwaka 1983, mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Serikali yake iliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Msaada wa chakula ulikuwa wa kuanzia tu. Baadaye walijilisha, wakauza ziada na kulipa kodi. Mwaka 2014, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia.

Leo, wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hawaruhusiwi kutoka humo bila kibali, na fursa za kulima au kufanya biashara ni finyu mno. Wafadhili wakipunguza fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo hupunguza mgao, kama lilivyofanya mwaka 2023. Hapo familia haina pa kushika.

Ni kweli, serikali ina hofu ya usalama, na mzigo huu haukupaswa kuwa wa Tanzania pekee. Lakini kumfungia mtu mwenye nguvu asubiri unga ni gharama isiyo na mwisho. Wabunge wa Mara walisemee hili Dodoma: wafadhili watimize ahadi zao, na mkimbizi aruhusiwe kulima.