Robson da Silva na Kijiti cha Brazili

(Mazungumzo kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Sisi Wakenya tukitaja riadha, mawazo huenda kwa mbio ndefu. Leo tuongee juu ya mtu wa mbio fupi, Robson Caetano da Silva wa Brazili, aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka wa 1964.

Mwaka wa 1988 ndio uliomtangaza. Mwezi wa Julai, kule Mexico City, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.00. Mji huo uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi haimzuii sana mtu wa kasi. Lakini hewa peke yake haikimbii! Rekodi hiyo ya Amerika Kusini ilikaa miaka 35, mpaka Mbrazili mwenzake, Erik Cardoso, alipokimbia kwa sekunde 9.97 mwaka wa 2023.

Mwezi wa Septemba, kwenye Olimpiki ya Seoul, Robson alikuwa wa tatu katika mita 200, nyuma ya Joe DeLoach na Carl Lewis wa Marekani. Akapata nishani ya shaba. Ni michezo ile ile ambapo Paul Ereng wetu alimshinda Mbrazili Joaquim Cruz katika mita 800. Mwaka wa 1992, Barcelona, Robson alimaliza wa nne. Na wa nne, ninyi mnajua, harudi na kitu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka wa 1996, Atlanta, Robson alikuwa na miaka 31. Hakuna Mbrazili hata mmoja aliyefika fainali ya mita 100 wala ya mita 200. Lakini katika mbio za kupokezana kijiti, yeye pamoja na Arnaldo Silva, Édson Ribeiro na André Domingos walikuwa wa tatu kwa sekunde 38.41, nyuma ya Kanada na Marekani.

Iliwezekanaje? Siri iko kwenye kupokezana. Anayepokea huanza kukimbia kabla hajafikiwa, kisha hunyosha mkono nyuma bila kugeuka. Anayetoa haachilii mpaka mwenzake ameshika. Yote hufanyika ndani ya eneo lililopimwa. Kijiti kikipita hapo, timu nzima inaondolewa, hata kama ina watu wenye mbio namna gani.

Tena haikuishia hapo. Robson alistaafu, lakini Ribeiro na Domingos waliendelea. Mwaka wa 2000, Sydney, wakiwa na Vicente Lima na Claudinei da Silva, walipata nishani ya fedha kwa sekunde 37.90. Yule mkubwa alitoka, na timu ikapanda ngazi.

Vikundi vingi havifi kwa kukosa pesa. Vinakufa siku mwenyekiti anapotoka na vitabu, au mwekahazina anapohama na hakuna mwingine anayejua hesabu.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni:

1. Katika kikundi chetu, nani anajifunza kazi ya mwekahazina sasa hivi?
2. Vitabu vyetu viko wapi, na ni watu wangapi wanaoweza kuvisoma?
3. Viongozi wetu wakitoka leo, nani ameshanyosha mkono?