Chuma Nacho Kina Punje



Uhunzi si jambo geni kwetu. Kule Bweranyange, hazina ya watawala wa Karagwe ilikuwa na nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma. Leo tuzungumze juu ya jembe linalovunjika mapema. Kwa nini livunjike?

Ndani ya chuma mna punje ndogo ndogo zilizobanana. Kati ya punje na punje pana mpaka. Chuma kikikaa mno kwenye moto mkali, mipaka husogea, na punje kubwa humeza ndogo.

Tutikise maji ya sabuni katika chupa, kisha tulitazame povu. Vipovu vidogo hutoweka, vikubwa hukua. Wataalamu nao walitumia povu kama mfano wa punje za chuma. Siku hizi hutumia pia kompyuta.

Punje zikiwa kubwa, chuma hukatika upesi. Basi tukipeleka jembe kwa mhunzi, tusimwambie, "Liache motoni, tutarudi." Likiiva jekundu, litolewe, lifuliwe. Nyundo hupondaponda punje, zikazaliwa mpya ndogo.

Jembe likivunjika, tulitazame pale lilipokatika. Tukiona chembe kubwa zinazong'aa, huenda moto ulizidi.

Moto ni rafiki wa mhunzi. Ukizidi, ni adui wa mkulima.