Mwongozo Umwambie Mwanafunzi Aandike Wapi
Mada kwa semina ya walimu wa TEHAMA na waandishi wa miongozo ya kompyuta

1. Utangulizi
Programu ni mpangilio wa maagizo yanayotekelezwa na kompyuta. Mwongozo ni maandishi yanayomfundisha mtu kuyatunga. Haya sote tunayafahamu, hivyo sitayarefusha.

2. Tatizo
Kwa miaka mingi nimewafundisha wanaoanza lugha ya programu ya Python, na kinachowakwamisha mapema kuliko hesabu na mantiki ni kutojua waandike wapi. Mwongozo unasema: andika pip install requests, amri ya kusakinisha kifurushi cha requests. Mwanafunzi amekwisha fungua Python, anaona alama >>> inamsubiri, anaandika pale pale. Anajibiwa SyntaxError, yaani kosa la sarufi ya lugha. Anarudia herufi kwa herufi. Jibu ni lile lile. Amri ni sahihi, ila ni ya dirisha la amri la mfumo wa kompyuta, nje ya Python. Mwandishi hakulisema hilo kwa kuwa kwake ni jambo la kila siku.

Yako mengine ya namna hiyo. Miongozo mingi huanza mstari kwa alama ya dola, ambayo katika Linux huonyesha tu kwamba mfumo uko tayari. Anayeanza huinakili pamoja na amri. Mingine humtaka aandike python3, ilhali kwenye Windows ya maabara mara nyingi inayokubali ni py. Tena ipo inayofundisha print bila mabano, mtindo wa Python 2, toleo lililoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mwanafunzi hajui kwamba mwongozo ndio uliochakaa. Anajilaumu, na mwisho anaamini kompyuta si fani yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Taasisi zetu zina taratibu za kupitisha vitabu, nami naziheshimu. Lakini mhariri anayesahihisha tahajia bila kuketi kwenye kompyuta na kufuata hatua moja moja hawezi kuyagundua makosa haya.

3. Mapendekezo
(a) Kila amri itanguliwe na sentensi inayotaja dirisha ambamo itaandikwa.
(b) Ukurasa wa kwanza utaje mfumo wa kompyuta, toleo la lugha na tarehe mwongozo ulipojaribiwa.
(c) Alama >>> na dola ziondolewe mbele ya amri, au zielezwe.
(d) Kila hatua ionyeshe kinachopaswa kutokea kwenye skrini.
(e) Ujumbe wa makosa ya kawaida ufafanuliwe kwa Kiswahili, maneno yake ya asili yakiachwa yalivyo ili mwanafunzi ayatambue.
(f) Kabla ya kuchapwa, mwongozo ujaribiwe na mtu asiyejua fani, mwandishi akitazama bila kumsaidia.
(g) Narudia: dirisha litajwe kila mara.

4. Hitimisho
Mapendekezo haya hayadai mtaala mpya wala mashine mpya. Naiomba semina iyapitishe yawe masharti ya kila mwongozo utakaopelekwa katika shule na vyuo vyetu.