Ruzuku za Wafadhili na Sauti Yetu Mbele ya Mataifa
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa Bukoba na Muleba)



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kwa wengi huonekana ni la watu wa Dar es Salaam na Brussels: ruzuku zinazotolewa kwa vikundi vinavyotetea hoja kuhusu sera za mataifa ya nje. Twasema tangu mwanzo kwamba jambo hili limo vibanjani mwetu. Mwaka 1989 mfumo wa kugawa viwango vya mauzo ya kahawa duniani uliposimamishwa, bei ilianguka, na mkulima wa Kamachumu alilipia uamuzi ambao hakuulizwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayodai kwamba kahawa iingiayo katika soko lake isitoke katika shamba lililopatikana kwa kufyeka msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba mahali ilipolimwa paonyeshwe. Kahawa yetu huota kati ya migomba, katika vibanja tulivyorithi kwa mababu. Lakini ni nani atakayekwenda kulisema hilo huko, na nauli yake italipwa na nani?

Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Mfadhili hutoa fedha. Kikundi hufanya utafiti, huandaa semina na kutuma wajumbe mikutanoni. Hatusemi kwamba fedha hizo ni haramu. Tukumbuke kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini, ambamo makanisa ya nchi tajiri na ya nchi maskini yalishirikiana. Mwezi Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono katika mji wa Birmingham, Uingereza, wakati wakuu wa mataifa tajiri walipokutana huko. Novemba 2001 Tanzania ilikubaliwa unafuu wa deni uliokadiriwa kufikia dola za Marekani bilioni 3, kwa malipo ya miaka iliyofuata. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa. Hayo ni matunda, nasi tumeyala.

Hata hivyo, mwenye mfuko ana neno lake. Mara nyingi halisemi kwa amri. Hulisema kwa fomu ya maombi. Fomu ikiuliza habari za misitu, sote hugeuka wataalamu wa misitu. Isipouliza bei ya kahawa, bei haitajwi. Taratibu kikundi huacha kumwuliza mkulima anataka nini, kikaanza kumwuliza mfadhili mwaka huu anatoa nini. Ripoti huandikwa kwa lugha asiyoisoma mama wa Nshamba, ingawa shida zake ndizo zimejaza kurasa.

Tena, fedha ya mbali hukatika kwa sababu za mbali. Jirani zetu wa Uganda waliliona hilo Januari 2021, Rais Museveni alipoagiza kusimamishwa kwa mfuko uliofadhiliwa na mataifa ya Ulaya kwa ajili ya asasi za utawala bora. Mfuko huo ulifungwa mwishoni mwa 2022. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tunyamaze? Hasha. Novemba 1951 Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi mara moja. Lakini dunia ilisikia, wala hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba sauti ile ilikuwa ya kukodiwa. Mjumbe aliyetumwa kwa senti za wazee wa kijiji anajua atarudi kutoa hesabu kwa nani.

Huo ndio msimamo wetu: ruzuku na iwe mbolea, mzizi uwe mchango wetu wenyewe. Kwa hiyo tunazisihi halmashauri za walei, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa ruzuku, zijiulize yafuatayo:

1. Hoja hii ilitoka katika jumuiya zetu, au tuliikuta kwenye fomu?
2. Sisi wenyewe tumechangia nini, hata kama ni kidogo?
3. Fedha ikikatika kesho, kazi gani itaendelea?
4. Je, mkataba umesomwa kwa Kiswahili mbele ya waumini, pamoja na kiasi na masharti yake?

Swali la nne lisidharauliwe. Kanuni za mwaka 2018 zilizataka asasi zisizo za kiserikali kuutangazia umma ruzuku inayozidi shilingi milioni 20. Sisi tusingoje kiwango hicho. Hata laki moja isomwe hadharani. Fedha iliyotajwa mbele ya watu haimfungi mtu ulimi. Iliyofichwa humnyamazisha siku ile hasa anapotakiwa kusema.

Wapendwa, haba na haba hujaza kibaba. Anzeni katika jumuiya ndogondogo. Mkulima akichangia hata bei ya kilo moja ya kahawa, atakuwa na haki ya kumwuliza mjumbe wake: ulipofika huko, ulisema niliyokutuma?